Samaki Mwekundu Kwenye Skrubu

Mtu akinisalimia, naitikia vizuri. Kuanza kuongea mimi mwenyewe ndiyo kazi. Kwa sababu hiyo nilianza kuandika kwenye ubao.

Kibanda changu kilikuwa katika soko dogo upande wa Ilemela, pale barabara inapopita katikati ya mawe makubwa kabla ya kuteremka ziwani. Nilikuwa fundi redio. Nilitoka Ukerewe baada ya darasa la saba, nikajifunza ufundi kwa mtu wa kwetu aliyekuwa na kibanda hicho. Yeye alipochoka na mji akarudi Nansio kulima, aliniachia meza, koleo, na chuma cha kulehemu tulichokuwa tunakipasha kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika. Hakuniachia maneno ya kuwaambia wateja, na yeye ndiye aliyekuwa anaongea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani redio ilikuwa kitu cha baba, ilivalishwa kitambaa na haikuguswa. Sasa maduka ya mjini yalijaa redio za kila rangi kutoka Dubai. Zikaanza stesheni za watu binafsi, muziki mchana kutwa, na kila mtu akataka redio inayoshika FM. Mteja alikuja na redio mpya yenye jina linalokaribiana na la kampuni anayoijua tangu utoto, akaniuliza mbona imekufa hata haijapata vumbi. Nilijua sababu, lakini niliishia kusema, "Iache, njoo kesho."

Siku moja nilipata kipande cha ubao wa shule kilichotupwa, nikakiegemeza nje ya kibanda. Niliandika hivi: "Redio nyeusi yenye milango miwili ya kanda. Sauti nzuri. Spika mbili za chini ni za kweli. Spika mbili za juu ni picha tu, ndani hamna kitu." Mwandiko wangu ni wa polepole, herufi moja moja, na sentensi hizo zilinichukua muda wote wa chai. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri neno la mwisho.

Tangu hapo niliandika kila redio mpya iliyopita mikononi mwangu, mazuri yake na mabaya yake. Wauza mkaa walisoma, na walimu walisoma wakishuka kwenye baiskeli. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la redio mjini alikuja mwenyewe na gari lake.

"Wewe ndiye unaandika spika zangu ni picha?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Ni picha kweli?"

Nilichukua redio ya mteja iliyokuwa wazi mezani, nikamgeuzia. Aliinama akatazama pale nyuma ya spika za juu, palipokuwa na plastiki tupu.

"Basi na mimi wamenidanganya," alisema, akapanda gari akaondoka. Baada ya hapo, kila alipopita aliteremsha kioo akasoma.

Sasa niseme habari ya samaki. Mafundi wengi hutia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya nyuma, ili redio ikirudi wajue kama mkono mwingine umeifungua. Mimi badala ya tone nilichora samaki mdogo, mistari miwili tu inayokutana mkiani. Skrubu yenyewe ilikuwa jicho. Mtu akiifungua skrubu, jicho linapasuka. Maana yake nilikuwa nimeiandika ubaoni, juu kabisa, na sikuifuta hata nilipofuta mengine: redio ya samaki ikifa kabla ya mvua za mwaka unaofuata, irudishwe, natengeneza bure. Yale yote ambayo mafundi wengine waliwaambia wateja kwa mdomo, kwa kuapa na kujipiga vifua, mimi niliyasema kwa samaki huyo.

Fundi mwenzangu alikuwa ng'ambo ya njia, kibanda kwa kibanda. Alikuwa Msukuma wa Kwimba, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na maneno yake hayakuwahi kwisha. Mteja aliyekwenda kwake na redio mbovu alirudi nyumbani amefurahi hata kabla haijatengenezwa. Nilipoanza ubao, naye alipata ubao, mkubwa kuliko wangu. Ila yeye hakuandika habari za redio. Aliandika habari za ubao wangu.

"Msomaji," aliandika siku moja, "anayekwambia spika ni picha, muulize kama kwake ana redio." Siku nyingine: "Wengine huandika sana kwa kuwa mdomo wameuacha kwenye meli." Watu walisoma wangu, wakavuka njia wakasoma wake, wakarudi kuona kama nimejibu. Sikujibu. Lakini sikuchukia pia. Kuna siku alinikosoa kwa haki. Niliandika kwamba redio fulani ya bluu haishiki FM vizuri, naye akaandika kwamba inashika, shida ni kibanda changu kiko nyuma ya jiwe. Niliipeleka redio ile juu ya jiwe, ikashika. Nikarekebisha ubao.

Shida ilianza pale redio za samaki zilipokuwa na soko. Mtu anayeuza redio kuukuu alisema, "Hii ina samaki," na mnunuzi aliigeuza kwanza kuangalia mgongo. Mwenzangu naye aliuza redio kuukuu. Muda si mrefu zake nazo zikawa na samaki.

Nilikuja kujua kwa mama mmoja wa Nansio. Aliteremka melini asubuhi na redio ndani ya kapu, akaja moja kwa moja kwangu. Samaki alikuwepo, mwekundu, jicho zima. Nilipofungua, nikakuta lehemu imewekwa mabonge mabonge kama ugali wa haraka. Haikuwa kazi yangu. Nilitaka kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu mkononi, akisema jinsi alivyoichagua redio hiyo kati ya nyingi kwa sababu aliambiwa samaki ni wa kijana wa kwao. Nikaanza kazi. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, meli ya kurudi ikamwacha, akalazimika kwenda kulala kwa ndugu yake. Hakunigombeza. Alipochukua redio yake kesho yake aliigeuza, akamtazama samaki, akasema, "Mwanangu, huyu samaki wako siku hizi amekonda."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kama kila mtu angemchora samaki, basi ahadi yangu ingekuwa ya kila mtu, na mimi nisingebaki na kitu cha kusema tena. Nilivuka njia. Sentensi nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi.

"Kaka, yule samaki ni wangu."

"Samaki gani?"

"Huyo hapo."

Alichukua redio, akaigeuza, akamwangalia samaki kama ndiyo anamwona kwa mara ya kwanza. "Huyu? Huyu ni sato. Sato yuko ziwani. Kwani wewe umemfuga?"

Watu wawili watatu walikuwa wameshakaribia.

"Mimi ndiye niliyeanza kumchora."

"Dogo, kwenu huko visiwani kila mtoto anachora samaki kwenye mchanga kabla hajajua kunawa uso. Nenda ukawashitaki wote, halafu njoo kwangu."

Walicheka, na hata mimi nilikaribia kucheka, maana alisema kweli. Nilirudi kibandani, nikaandika ubaoni: "Samaki wa kweli ana pezi moja mgongoni." Nikaanza kuwawekea samaki wangu pezi. Jioni hiyo samaki wake walikuwa na pezi. Nikaandika kwamba samaki wa kweli anatazama kushoto. Wake wakageuka kushoto. Nilifanya hivyo kwa muda, mpaka muuza mkaa mmoja aliponiambia, "Fundi, si unamfundisha?" Ndipo nikaacha.

Yule mzee wa Kihindi alisoma ubao kutoka garini, akaniita. "Kijana, alama inasajiliwa. Sisi tuna alama ya chai tangu kwa babu yangu. Ofisi iko Dar es Salaam. Unaenda, unachora, wanaandika kwamba ni yako, basi." Niliwaza safari ya treni, niliwaza ofisi ambamo ningelazimika kuongea na mtu asiyenijua. Nilimshukuru. Sikwenda.

Badala yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa soko. Alikuwa mama muuza dagaa wa jumla, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye marehemu baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma aliyejulikana mpaka ng'ambo ya Kigongo. Nilisema shikamoo, akaitika, nikakaa. Alisubiri mpaka niliposema.

"Nimewaona nyie wawili," alisema. "Unataka nini? Nimnyang'anye rangi?"

"Nataka iamuliwe ni wa nani."

"Mimi sina mahakama hapa. Kwetu manju wawili wakigombania wimbo, wanapewa uwanja. Mtu aliyeshinda ndiye mwenye wimbo mpaka mavuno mengine. Na aliyeshindwa hanung'uniki. Unakubali?"

Nilikubali. Mimi ni mtu wa kisiwani, ngoma za Wasukuma nilikuwa nazisikia kwa mbali tu. Aliposema "wanapewa uwanja", nilielewa kwamba kila mmoja atapewa nafasi ya kujieleza, na wazee watasikiliza, kisha watapima. Ni kosa ambalo mtoto yeyote wa Kwimba asingelifanya.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, watu wameshavuna, sokoni pamechangamka. Siku yenyewe niliutoa ubao wangu kwenye uwazi ulio nyuma ya vibanda vya dagaa. Nilikuwa nimeujaza tangu asubuhi habari yote ya samaki: nilianza lini kumchora, kwa nini jicho ni skrubu, nini kinatokea ikifunguliwa. Nilikaa karibu na ubao, mikono magotini, nikisubiri kuitwa.

Mwenzangu alikuja na filimbi shingoni. Mwanawe alibeba redio kubwa iliyofunikwa kwa khanga.

"Dogo umeoga dawa?" aliniuliza.

"Dawa gani?"

"Ya kuvuta watu." Akawageukia watu. "Hajaoga dawa. Amekuja na chaki."

Mama mwenyekiti alisimama katikati yetu, akainua mkono, akaushusha. Mwenzangu akapuliza filimbi, akaivuta khanga, redio ikalia muziki wa stesheni mpya kwa sauti ya juu, na yeye akaanza kuzunguka akiiongelea. Mimi nilikuwa bado nasubiri kuitwa.

"Kaka anza," muuza mkaa alininong'oneza.

"Wazee wako wapi?"

"Wazee gani? Kinachohesabiwa ni miguu. Watu wakihamia kwake, umekwisha."

Nikasimama. Sikujua la kufanya, nikachukua chaki na kuongeza mstari chini ya ile mingine. Watu wachache walikuwa mbele yangu wakisoma, midomo ikichezacheza. Ng'ambo, mwenzangu alikuwa amefungua mgongo wa redio na kuuinua juu watu waone. "Ndugu zangu, spika za chini, za kweli. Za juu je? Ingiza kidole. Mama, ingiza kidole usiogope, hakuna mtu humo ndani. Hakuna mtu, hakuna spika, ni picha. Mmeuziwa picha ya sauti." Watu walishikana mabega kwa kucheka. Yalikuwa maneno ya ubao wangu, yale yale niliyoyaandika mwanzo kabisa. Nilishangaa kuyasikia. Sikujua kwamba yanachekesha.

Waliokuwa mbele yangu waligeuza shingo, kisha mabega, kisha miguu. Alibaki mwalimu mmoja na baiskeli yake, akasoma mpaka mwisho kwa adabu, akaniambia, "Umeandika vizuri," naye akavuka.

Mama mwenyekiti alikuja akanitazama. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Unanung'unika?"

"Hapana."

Nilitoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni nikampa mwenzangu mbele ya watu. Alikipokea kwa mikono miwili. Kwa kweli hakucheka wakati huo. Usiku ule sikula sana, na asubuhi nilifuta maneno ya samaki juu ya ubao wangu. Palibaki weupe wa chaki kwa sababu yalikuwa yamekaa muda mrefu.

Kilichofuata hakuna aliyekifikiria, hata mama mwenyekiti. Alama ilikuwa ya mwenzangu sasa, soko zima lilijua. Basi redio ya samaki ikifa, watu waliipeleka kwake. Nazo nyingi, tangu nilipoanza kuchora, zilikuwa kazi yangu. Zilikuja kutoka Magu, zilikuja na meli, na wavuvi walizileta zimefungwa kwenye vipande vya nyavu. Kila aliyekuja aliikumbuka ahadi hata kama ubaoni ilikuwa imefutwa.

"Bure mpaka mvua," walimwambia.

"Nani kasema?"

"Samaki."

Nilikuwa namtazama kutoka ng'ambo. Alijaribu maneno. Alijaribu kuwaambia kwamba huyu samaki ni mzee, yule anatazama kulia. Wakamjibu kwamba samaki ni samaki, yeye mwenyewe aliwahi kusema sato wote ni wa ziwa moja. Akawa anainama mezani tangu asubuhi. Ubao wake ulikaa na maneno yale yale kwa muda mrefu, mpaka watu wakauliza kama ni mgonjwa.

Siku moja alivuka njia na redio iliyo wazi. Ni mimi niliyeitengeneza zamani. Kifaa fulani kilikosekana Mwanza nzima, nikakitoa kwenye redio nyingine, nikapitisha waya pembeni kuzunguka.

"Dogo, ulikuwa unafikiria nini humu ndani?"

Nilimwonyesha. Alikaa kwenye benchi langu, tukaimaliza pamoja. Siku iliyofuata alikuja na nyingine. Halafu nilianza kwenda mimi kwake, maana benchi lake lilikuwa refu. Zake mwenyewe, zile za mabonge, tulizifungua pia. Alisema alizifunga hivyo kwa sababu hakutegemea kuziona tena.

Siku moja alitoa kichupa cha rangi akakiweka mbele yangu, mama mwenyekiti akiwa amesimama hapo anasubiri redio yake.

"Chukua samaki wako. Mimi nimeshiba."

Nilikitazama kichupa. Nilikuwa nakitaka kuliko kitu chochote kilichokuwa juu ya meza ile.

"Nilishindwa, kaka," nilisema. "Mpaka mavuno."

Mama mwenyekiti alicheka mpaka akashika nguzo. "Kisiwani wamejifunza ngoma," alisema. Mwenzangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akakirudisha kichupa mfukoni. Muda wote uliobaki wa mwaka ule alichora samaki, na ninaweza kusema kwamba lehemu yake ilikuja kuwa nyembamba na safi. Alijua redio itarudi kwake.

Kiangazi kilichofuata ni yeye aliyekwenda kwa mama mwenyekiti kuomba uwanja. Alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia, soko zima likisikia, kwamba safari hii atanimaliza kabisa.

Nilipeleka ubao wangu pale pale nyuma ya vibanda vya dagaa. Niliandika machache. Mkono ulipoteremka, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimeliandaa: nilianza kusoma kwa sauti nilichokiandika. Nilisoma kama ninavyoandika, neno moja kisha jingine. Nilipofika kwenye spika za juu nilisikia watu wanaanza kucheka kabla sijafika mwisho, kwa sababu nilichelewa na wao walikuwa wanajua kinachokuja. Basi nikachelewa zaidi kidogo.

Nilipotazama ng'ambo, mwenzangu alikuwa amesimama na filimbi mkononi, haipulizi. Redio yake ilikuwa imefunikwa khanga. Aliwaambia watu wachache waliokuwa mbele yake kwamba leo koo linamuuma, kisha na yeye akavuka, akasimama nyuma ya mwalimu mwenye baiskeli, akisikiliza.

Mpaka leo yeye husema alinipa. Mimi husema nilishinda. Mama mwenyekiti tukimuuliza anasema aliona miguu, hakuona koo la mtu.

Kichupa kilirudi kwangu kikiwa karibu tupu. Redio ya kwanza niliyoifunga baada ya hapo ilikuwa ya kwake mwenyewe, ile kubwa ya khanga, iliyomwagikiwa maji. Niliikaza skrubu, nikachora mistari miwili nikaikutanisha mkiani, nikapuliza rangi ikauke. Aliigeuza akamtazama samaki.

"Bure mpaka mvua?" aliuliza.

"Mpaka mvua za mwakani," nilisema, nikainuka kwenda kuandika maneno hayo juu ya ubao, mahali pake.